Mjomba Amepanda Mikorosho Usiku, na Mthamini Ni Mimi

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina mume na watoto wawili. Ni mthamini wa ardhi katika halmashauri moja ya mikoa ya kusini. Naomba jina langu lisitajwe, wala la wilaya, kwa sababu haya ninayoyaandika bado yako mezani kwangu na sijayamaliza.

Nimezaliwa kijiji cha korosho. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Aliyenilea ni mjomba, kaka mkubwa wa mama, na kwetu ukishataja mjomba umetaja kila kitu: ndiye anayeoza, ndiye anayezika, ndiye mwenye neno la mwisho. Nilipochaguliwa kidato cha tano shule ya bweni ya mbali, fomu ya kujiunga ilikuja na orodha ndefu: godoro, tranka, ndoo mbili, jembe, fyekeo, ada, nauli. Mjomba aliuza korosho zote za msimu ule, hazikutosha. Akaitisha watu chini ya mwembe. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Kuna bibi mmoja mjane, nitamwita Bibi wa Kisimani, alifungua pindo la khanga akatoa noti za mia tano zilizokunjwa mpaka zikawa kama njugu. Mwenyekiti akasema, "Huyu tunamtuma akatuonee njia." Chuo kikuu nilisoma kwa mkopo wa serikali, na mpaka leo nakatwa asilimia 15 ya mshahara, lakini bila ule mwembe nisingefika huko.

Sasa upo mradi mkubwa wa serikali unaochukua upande mmoja wa kijiji chetu. Kaya 63 zinaguswa. Tarehe ya ukomo ilitangazwa mkutanoni, watu wakaambiwa kuanzia siku hiyo mtu asijenge wala kupanda kwa ajili ya fidia. Halmashauri imenikabidhi mimi kazi ya kuhesabu, na sikumwambia mkuu wangu kuwa ni kwetu. Wanajua natoka wilaya hii, basi.

Tulipofika shambani kwa mjomba tulikuta mikorosho mikubwa 58. Naifahamu, nimeipanda juu yote nikiwa mtoto. Lakini katikati ya mistari kulikuwa na miche, 214. Udongo bado una unyevu. Nikainama nikavuta mmoja, ukatoka na kiriba chake, nailoni nyeusi haijachanwa, mizizi imejiviringisha ndani. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Andika mwanangu. Andika ya miaka mitatu." Msaidizi wangu alinitazama, kalamu iko juu. Nikasema hapa tutarudi, tukaenda shamba linalofuata. Mpaka leo mstari ule kwenye jedwali ni mtupu, na Ijumaa ijayo jedwali linatakiwa liwe limesainiwa.

Si yeye peke yake. Kupanda haraka hivi ili ulipwe fidia, huko Mara wanaita kutegesha, na kwetu wametegesha watu wanane. Bibi wa Kisimani hakupanda kitu. Ana miembe minne na nyumba ya udongo. Alipopigwa picha na kibao chake cha namba alisema, "Nilivyo ndivyo hivi, mjukuu wangu."

Usiku ule mjomba alikuja nilipofikia, pamoja na mama. Alisema neno moja ambalo linanikosesha usingizi: "Tulipokusomesha hatukukudai risiti." Akaongeza kuwa wakubwa wanakula mabilioni na hakuna anayewauliza, sasa mimi nimesoma ili niwanyime wao? Mama hakusema kitu, alikuwa analia tu.

Mama mshauri, nisikufiche. Viwango vya fidia naviona vidogo. Mkorosho wa miaka thelathini bado ungelisha familia miaka mingi mbele, lakini jedwali linaulipa mara moja tu kisha basi. Kwa hiyo kuna wakati najiambia kuongeza hiyo miche ni kunyoosha kilichopinda. Mume wangu anasema nisaini, mjomba ndiye aliyenifanya mtu. Mwenzangu kazini anasema niandike ukweli kisha nisiende nyumbani mpaka watu wapoe. Nimevurugikiwa kiasi kwamba hata makaburi ya bibi, yaliyo nyuma ya nyumba ya mjomba, sikuyaandika. Yeye mwenyewe hakutuonyesha.

Je, mimi kwanza ni mtumishi wa serikali au kwanza ni mtoto wa kijiji kile? Nikikataa, nimekuwa msaliti?

Mpwa wa Mjomba

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama kwenye kile kiriba cheusi. Hukusema kama ule mche uliurudisha ardhini. Nadhani uliurudisha, ukasawazisha na udongo kwa vidole, kwa sababu ndiyo mikono ya mtoto wa mkulima.

Niseme nilivyoelewa, na nikikosea unisahihishe. Una mstari mmoja mtupu. Ukiujaza anavyotaka mjomba, saini yako itathibitisha kitu ambacho umekishika mkononi na kukijua si kweli. Ukikataa, mtu aliyeuza msimu mzima kwa ajili yako ataona umemgeuka, na ukoo utaona hivyo pamoja naye. Juu ya hayo upo ukimya wako kazini, na jedwali linalodaiwa Ijumaa. Na chini ya yote kuna swali ambalo naona ndilo linalokuuma hasa: hii elimu uliyonayo ni ya nani?

Swali hilo halikuanza na wewe. Mwanazuoni wa Nigeria, Peter Ekeh, aliandika mwaka 1975 kwamba ukoloni uliwaachia Waafrika jamii mbili za kuishi kwa wakati mmoja. Moja ni ya ukoo na kijiji, ambako mtu ana wajibu, ana aibu, na akizembea anasemwa. Ya pili ni ya serikali, iliyokuja na mkoloni, na watu waliizoea kama kitu cha kuchotwa bila dhambi. Msomi yuko ndani ya zote mbili. Akichota kule akaleta huku, huku anasifiwa. Nilipofika kwenye maneno ya risiti nilimkumbuka Ekeh. Mjomba wako hajioni mwizi hata kidogo. Jembe la jirani hawezi kuligusa. Miche hii kwake ni jambo jingine kabisa, na nakuomba ulielewe hilo kabla hujamkasirikia au kumwogopa.

Tena kuna historia. Hukuniambia umri wake, lakini kama umri wako ni huo, yeye alikuwa kijana au mtoto wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamisha watu na kuwakusanya kwenye vijiji vya pamoja. Kusini kulihamishwa watu mapema, na wengi waliiacha mikorosho yao nyuma ikazidiwa na magugu. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani kama 145,000 za korosho, kisha zao likaanguka vibaya, na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao ni moja ya sababu. Nani aliwapigia hesabu ya miti ile? Na hata baadaye, kwa miaka mingi, aliyechukuliwa ardhi alilipwa kilichokuwa juu yake, yaani nyumba na mazao, huku ardhi yenyewe ikihesabiwa kama haina bei. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndiyo iliyotamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Wewe uliyasoma hayo chuoni, mjomba hakuyasoma. Yeye anachojua ni kwamba serikali ikija inahesabu miti, na asiye na miti anaondoka mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo akisikia mradi unakuja, atapanda miti. Inawezekana umeona tamaa mahali ambapo hofu ndiyo nyingi.

Kuelewa kwa nini alipanda hakuifanyi miche iwe ya miaka mitatu, hilo unalijua.

Sasa niguse mambo mawili matatu uliyoyaandika kama yameshakwisha kuamuliwa. Umesema upande mmoja iko serikali na upande wa pili kiko kijiji. Nimejaribu kukiona hicho kijiji upande wa pili, sikioni chote. Kaya ni 63, waliotegesha ni wanane. Kaya 55 hazikupanda kitu, na baadhi yao walikuwa chini ya mwembe siku ile. Waliokutuma ni wengi kuliko mjomba. Bibi wa Kisimani alikunjua noti zake kwa ajili yako kama mjomba alivyouza korosho zake, na sasa yeye ndiye mtu pekee katika barua nzima ambaye hajakuomba kitu.

Umesema pia kwamba kuongeza miche ni kunyoosha kilichopinda, kwa kuwa viwango ni vidogo. Malalamiko yako juu ya viwango nayachukua kwa uzito, wewe ndiye mtaalamu. Ila jiulize, aliyeweza kupata miche 214 na watu wa kuipanda ni nani? Ni mwenye fedha kidogo na mwenye habari mapema. Dawa hiyo inamfikia mwenye nafuu na kumruka mjane. Na viwango vinabaki vilevile kwa kijiji kitakachofuata, kwa sababu jedwali lililotiwa chumvi halimwambii yeyote huko juu kwamba bei ya mkorosho mkubwa haitoshi. Linaonyesha tu kwamba watu wamelipwa vizuri.

Jambo jingine ni la kikazi, na ninaliuliza kwa unyenyekevu. Uling'oa mche mmoja. Hiyo mingine 213 hukuing'oa. Una hakika yote ilitiwa ardhini baada ya tarehe ya ukomo? Yawezekana kuna mistari aliyoipanda kihalali kabla. Sisemi hivyo kukutafutia upenyo. Nasema kwa sababu hata anayekosea ana haki ya kuhesabiwa sawasawa, na inawezekana ukweli kamili ukawa na nafuu kidogo kwa mjomba ambayo wewe kwa mshtuko hukuitafuta.

Mwalimu Nyerere, mwaka 1964, aliwafananisha waliopata elimu na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, apate nguvu za kwenda mbali akawaletee wenzake msaada. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Umeuliza kama utakuwa msaliti, na nadhani mfano huo umo damuni mwako hata kama hujawahi kuusoma, maana ule mwembe ulikuwa mfano huohuo. Mimi nimeishi nao miaka mingi na bado naupenda. Lakini hausemi yule mtu akifika huko mbali atakitoa wapi hicho chakula. Kama ghala alilolikuta ni la kijiji kingine chenye njaa, je? Fedha ya fidia hii inatoka kwenye hazina ileile inayonunua dawa za zahanati. Ndimo ulimotoka mkopo wako wa chuo pia, na wale waliolipa kodi ile hawakuwa chini ya mwembe wenu, nao hawakukudai risiti.

Tuje kwenye njia ulizonazo. Sitakuamulia, maana wewe ndiye utakayekaa msibani na watu hawa.

Kusaini kama mjomba anavyotaka ni kwepesi kwa wiki hii. Lakini jedwali litapita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, na kwa mradi mkubwa wakaguzi wanaweza kurudi shambani. Miche ya miezi mitatu haijifichi. Wakiibaini, usajili wako na mshahara wako vitakuwa hatarini, hata kesi inawezekana. Tena mjomba mwenyewe ataitwa kueleza, na uhakiki ukianza upya malipo ya kaya zote 63 yanaweza kukwama. Na akina saba wale wengine utawaambia nini? Ukimwandikia mjomba, hata kwa kunong'ona, kesho yake wako mlangoni kwako.

Kuandika ukweli kisha kukimbia, alivyokushauri mwenzako, kunakulinda kazini. Nyumbani utakuwa umewaacha wajisimulie wenyewe kilichotokea, na hadithi watakayoitunga itakuwa ya mtoto aliyewakana. Mama yako ndiye atakayeisikiliza kila siku kisimani.

Ipo njia ya kumwambia mkuu wako, hata sasa, kwamba kijiji kile ni kwenu na mmoja wa wanaofidiwa ni mjomba wako. Itakuuma kueleza kwa nini hukusema mwanzo. Unaweza kuonywa kwa barua. Anaweza kuletwa mthamini mwingine asiyekijua kijiji, mwenye haraka, akaruka hata vilivyo halali, au akawa mtu wa kuhongeka, na hapo mjomba atasema, umeona, mgeni ametusikia kuliko wewe. Hizo ni hatari za kweli. Faida yake ni kwamba mkono wako unaondoka kwenye mstari ule bila kumhukumu mjomba wala kumdanganyia. Na kama mkuu wako ni mtu wa busara, yawezekana akakuacha uendelee na kaya nyingine huku shamba la mjomba likipimwa na mwenzako. Huyo mkuu unamfahamu wewe, mimi simfahamu.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja kama njia, nami naliona kubwa. Hawa watu wamekwenda kwenye miche kwa sababu hawajui sheria inawapa nini. Je, wanajua kwamba zaidi ya miti na nyumba ipo posho ya usumbufu? Kwamba anayepoteza nyumba anayoishi ana posho ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha mizigo? Kwamba malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita kuna riba? Bibi wa Kisimani anajua? Mambo haya yanaweza kusemwa mbele ya mkutano wa kijiji, mtendaji yupo, mwenyekiti yupo, mchana, na wewe au mwenzako akiyasema taratibu kwa maneno ya kwenu. Sijui kama yatafikia thamani ya miche 214, na sitaki nikupe matumaini ya uongo. Lakini ulitumwa ukaone njia, na hii ni njia ambayo wewe unaiona na wao hawaioni. Ubaya wake ni kwamba ukiwasemea sana, ofisini utaambiwa unawachochea wananchi. Hilo nalo litakudai ujasiri.

Vyovyote utakavyoamua, nakusihi mjomba alisikie kutoka kinywani mwako kabla hajaliona kwenye karatasi. Usimwambie mbele ya watu, wala kwa simu. Kama kuna mzee anayemsikiliza, mtangulize. Na usianze na sheria. Mwambie kwanza unakumbuka nini: ile tranka, yale magunia, ule msimu alioumaliza mikono mitupu. Huenda risiti anayoililia ni hiyo tu, kusikia kwamba hukusahau. Au huenda asikuelewe, akakukatalia baraka zake kwa muda. Kwenu mjomba akinuna ni jambo zito, sitalipunguza. Ila unayo pia miaka yako mwenyewe ya kumlipa kwa jasho lako: ada ya mjukuu wake, bati, dawa, msimu mbaya. Deni la mjomba ni la kweli. Sina hakika kama linalipika kwa mstari wa jedwali.

Nimeyaacha makaburi mwisho makusudi. Umeandika kwamba hakuwaonyesha, kama jambo la kupita. Mtu anayetafuta kila kinacholipika ameonyesha miche ya nailoni, akayaficha makaburi ya mama yake. Yapo kisheria, tangu mwaka 1969 kuna sheria inayohusu kuhamisha makaburi, inayotaka mabaki yahamishwe kwa heshima na taratibu za dini zifuatwe, na gharama zake si za familia. Lakini kwa nini hakuyataja? Labda kuyataja ni kukubali kwamba kweli anahama, kwa mara ya pili katika maisha yake, na safari hii anamwacha mama yake njiani au anamfukua.

Kabla ya Ijumaa, nenda kwake asubuhi bila fomu wala msaidizi. Mwombe akupeleke nyuma ya nyumba, kwa bibi. Kaeni pale, mwache aseme yeye kwanza. Kisha niandikie.